Nina miaka 57, naweza kuchora kila kitu, lakini sina mchoro wangu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mchoraji, naishi Pasua hapa Moshi. Nina miaka 57. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Majengo nikiwa na miaka 19, na kazi yenyewe ilikuwa mabango. Bucha, saluni, gereji, baa, duka la dawa, kuta za shule za msingi zenye ramani ya Tanzania na jedwali la kuzidisha. Tuliandika kwa brashi na rangi ya mafuta, mstari tukiupiga kwa uzi uliopakwa chaki. Mtu akitaka kufungua duka, alikuwa lazima anitafute mimi au mwenzangu.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Bango ambalo mimi lilinichukua siku mbili, kijana analitoa mteja akiwa bado anakunywa chai, tena ng'ombe wa bucha ni ng'ombe kweli aliyepigwa picha. Siwalaumu wateja. Kazi ilipungua mpaka ikaisha.

Nikahamia picha za watalii. Mtindo wa Tingatinga nilijifunza kwa kutazama tu. Nikajifunza wale Wamasai wembamba wa shuka nyekundu wanaopakwa kwa kisu, nikajifunza tembo mbele ya Kibo, na machweo yenye mgunga. Nauza kwa wenye maduka hapa Moshi, na zaidi Arusha. Ukinionyesha picha yoyote kwenye simu, nitakutolea hiyohiyo, hutajua ipi ni ipi.

Mwaka jana alikuja mgeni mmoja, mama wa makamo, aliletwa nyumbani na dereva wake. Alitazama picha zote ukutani, halafu akauliza, dereva akanitafsiria: "Zako ni zipi?" Nikamjibu zote ni zangu. Akasema yeye anaona kazi za watu watano. Hakusema kwa ubaya. Alinunua ya Wamasai, akalipa vizuri, akaenda zake. Lakini swali lake halijanitoka mpaka leo.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta mtindo wangu. Naingia mtandaoni usiku, naangalia wachoraji wa kila nchi. Nimejaribu picha za nukta, nimejaribu michoro isiyo na umbo la kitu, nimejaribu kubandika vitenge. Kila ninachojaribu kinatoka vizuri, na kila kimoja kinafanana na cha yule niliyemtazama.

Kuna vichache navichora jioni kwa ajili yangu mwenyewe: mafundi cherehani wa barazani pale mjini, na maduka ya zamani. Nilimpelekea mwenye duka mmoja wa Arusha, akacheka akasema, "Mzee, hizi zimekaa kama bango," akanirudishia. Kaka yangu aliposikia nahangaika akaniambia samaki mkunje angali mbichi. Mke wangu hanikatazi, ila anauliza: mtoto wa mwisho yuko chuoni, kwa nini nipoteze rangi kwenye picha zisizo na mnunuzi?

Mama, naomba uniambie. Kwa umri huu mtu anaweza kupata mtindo wake, au nimechelewa? Kama inawezekana, nianzie wapi? Na hizi za watalii niache? Jambo la mwisho: mwenye duka yuleyule ana oda ya picha 20 za Wamasai zinazofanana, na anataka nisiandike jina langu. Nimekutumia picha za kazi zangu sita uzione.

Mchora Mabango, Pasua

*

Marahaba, mdogo wangu. Asante kwa barua, na asante zaidi kwa zile picha sita, maana bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha.

Nimezitazama kwa muda mrefu. Nne ni kama ulivyosema mwenyewe: Wamasai, tembo, Tingatinga, na ile ya nukta. Zimefanywa na mkono uliokomaa, hakuna anayeweza kukudharau kwa hizo. Ila nilizipita. Nilichorudia kutazama ni ile ya fundi cherehani mwenye shati jeupe.

Nikueleze ninachokiona humo, kwa sababu nadhani wewe umeizoea mno. Fundi ameinama kwenye mashine, ametuonyesha ubavu. Nyuma yake kuna ukuta wa duka wenye maandishi yaliyochakaa, na nguzo ya baraza imeyakata, kwa hiyo kinachosomeka ni "KA LA VITAMB" tu. Herufi hizo umezichora kwa uangalifu kuliko uso wa mtu. Ile A ina unene sahihi mguu wa kulia na wembamba sahihi mguu wa kushoto, hata pale rangi ilipobanduka. Kivuli cha baraza ni buluu moja, nzito, bila kufifishwa pembeni, na pale kinapokutana na jua la barabarani kimekatwa kwa mstari ulionyooka kabisa. Gurudumu la cherehani ni mzunguko mmoja wa brashi. Nimeona mahali ulipoianza na mahali rangi ilipokwisha. Uso umeuacha bila macho, na bado najua kwamba huyu mtu amekaa hapo tangu asubuhi na kazi haijaisha.

Hiyo hukuinakili kwa mtu. Katika wachoraji wote uliowatazama usiku mtandaoni, hakuna aliyekufundisha kuchora kivuli hivyo. Umekitoa kwenye mabango.

Kwa hiyo yule mwenye duka wa Arusha alisema kweli, ila aliisema kama kasoro. Zimekaa kama bango, ndiyo. Rangi imelala bapa, ukingo umekatwa bila woga, herufi zina uzito sawa na watu. Ni alama zilezile ambazo yule mama mgeni alikuwa akizitafuta ukutani kwako asizione, kwa sababu nahisi picha za mafundi hukuzitundika pale. Ziko chumbani, sivyo?

Naomba nikuambie jambo kwa upendo. Kazi ya mabango ilipokufa, nadhani uliamua kwamba hata mkono ule haufai tena. Ukaanza kutafuta mkono mwingine, kila mkono isipokuwa ule ulioujenga tangu ukiwa na miaka 19. Hayo ni maumivu ya mtu aliyenyang'anywa kazi, na nayaheshimu. Lakini mashine imekunyang'anya wateja tu. Kujua kwako jinsi herufi inavyokaa ukutani hakujachukuliwa na mtu.

Kaka yako naye msikilize vizuri. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, na wewe ulikunjwa zamani na yule mzee wa Majengo. Mkunjo unao. Ulichokuwa ukikifanya miaka hii ya karibuni ni kujinyoosha kwa nguvu ili ufanane na samaki wa wengine.

Sasa la umri. Sitakufariji kwa maneno matupu, nitakupa watu.

Kule Australia, katikati ya nchi iliyo kavu, alikuwepo mama mmoja wa wenyeji asilia, Emily Kame Kngwarreye, aliyezaliwa karibu 1910. Maisha yake yote alichora mistari na alama kwenye miili ya wanawake kwa ajili ya sherehe za jadi. Alipokaribia miaka 70 wanawake wa huko walifundishwa batiki. Turubai aliishika mwishoni mwa miaka ya 1980, akielekea 80. Akafariki 1996, na katika ile miaka michache inakadiriwa alichora picha kama 3,000, ambazo leo ziko kwenye makumbusho makubwa. Umri peke yake si sababu ya kukusimulia habari zake. Tazama alichofanya: alipopewa turubai na rangi mpya, hakuanza kuuliza wachoraji wa Sydney wanachora nini. Alipeleka kwenye turubai mistari ileile aliyokuwa akiipaka kifuani na mabegani mwa watu.

Karibu zaidi na kazi yako yupo Chéri Samba wa Kongo, aliyezaliwa 1956. Alitoka kijijini kwenda Kinshasa mwaka 1972 kufanya kazi kwa wachora mabango, na 1975 akafungua sehemu yake mwenyewe. Alipoanza kuchora picha zake hakuyaacha maandishi. Aliyaingiza ndani ya picha, sentensi nzima za Kifaransa na Kilingala, mtu akisimama kutazama inabidi asome pia. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa yaliyomtambulisha duniani. Ukiziona leo utajua kwa sekunde moja kwamba mwenye kuzichora alishika brashi ya mabango.

Na Tingatinga mwenyewe, ambaye unamchora kila wiki, umewahi kuwaza alifikaje pale? Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya vibarua vya kila namna Dar es Salaam, akaanza kuchora karibu 1968 akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Alitumia hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani na bei aliiweza. Zile rangi kali, bapa, zenye kung'aa, zilitokana na kopo lenyewe. Alikufa 1972. Yaani kitu ambacho nusu ya wachoraji wa barabara ya kwenda mbugani wanakitegemea kwa chakula kilijengwa kwa miaka kama minne hivi, na mtu aliyetumia alichonacho. Wewe unachonacho ni kopo la rangi ya mafuta, na unaijua kuliko alivyoijua yeye.

Wa mwisho ni wa kwenu kabisa. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda Slade kule London, chuo cha sanaa chenye jina kubwa, na baada ya uhuru akawa balozi wetu huko huko Uingereza. Mtu aliyepita njia hiyo angeweza kuchora chochote. Alichora vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Migomba, watu wakilima, watu wakivuna, milima ya mviringo, watu wadogo wadogo waliofanana, rangi zimetulia. Wapo waliosema anachora kama ambaye hakusoma. Hakubadilika. Picha yake ya 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa 1960 na Museum of Modern Art ya New York. Ukiwa na siku yenye wasiwasi, tafuta picha zake uzitazame, kwa nia ya kuona tu jinsi mtu anavyoweza kukaa na kitu kimoja maisha yake yote bila kukichoka.

Baada ya huyo, funga mtandao. Namaanisha hivyo. Wachoraji wengi watakushauri ujaribu kila mtindo mpaka upate wako, na kwa kijana wa miaka 20 huenda ni ushauri mzuri, maana mkono wake bado haujui lolote. Kwako ni hatari. Mkono wako unanakili upesi mno. Ukitazama kitu jioni, asubuhi kimeshaingia kwenye brashi. Nakuomba kwa miezi kadhaa usiangalie kabisa picha za wachoraji wengine mtandaoni. Usiku lala.

Uanzie wapi? Barazani. Unayo mada tayari, na uliichagua wakati hakuna aliyekulipa, jambo ambalo mimi naliamini kuliko mipango yote. Mafundi cherehani na kuta za maduka ya zamani, basi. Usiongeze Kilimanjaro kwa nyuma ili mgeni ajue ni Moshi. Usiongeze Mmasai anayepita.

Nenda ukachore palepale, kwa penseli na daftari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona kitu kwenye ile picha yako ya pili, ya duka lililofungwa. Ile uliichora kutoka kwenye simu. Najua kwa sababu kivuli chake ni cheusi tupu na barabara ni nyeupe tupu. Simu haiwezi kushika jua kali na kivuli kizito kwa pamoja. Ikikipa kimoja haki yake, kingine inakiharibu. Jicho linaweza. Ukisimama ng'ambo ya barabara saa sita, jua la kwetu huku karibu na ikweta likiwa karibu utosini, kivuli cha baraza kinakatwa wima kama ulivyokikata kwa fundi wa shati jeupe, lakini ndani yake mna rangi nyingi: buluu ya ukuta, wekundu wa vumbi unaopanda kutoka sakafuni, rangi za vitambaa vilivyotundikwa, mwanga mdogo uliogonga barabara ukarudi chini ya mashine. Kaa hapo mpaka uzione. Andika majina yake pembeni ya mchoro kwa maneno, uende kuzichanganya nyumbani. Kisha rudi saa kumi, jua likiwa limeingia barazani kwa ubavu, uone jinsi herufi za ukutani zinavyobadilika.

Wasalimie mafundi kwanza, ukae nao, waeleze unachofanya. Asiyetaka kuchorwa muache. Na yule atakayekubali, siku moja mpelekee mchoro mdogo wa karatasi, ni wake.

Rangi punguza. Ningekuwa wewe ningechukua makopo manne: nyeupe, buluu, njano, na ile nyekundu ya kutu inayopakwa mabati na mageti. Nyeusi usinunue. Buluu ukiichanganya na nyekundu ya kutu unapata weusi ulio hai, na unaweza kuuelekeza upande wa baridi au wa joto unavyotaka. Rangi chache zitazifanya picha zako ziwe ndugu bila wewe kulazimisha undugu. Hadibodi zote zikate saizi moja, ndogo, ambayo unaweza kuimaliza bila kuogopa gharama. Paka msingi pande zote mbili na kwenye kingo, la sivyo masika yatazipinda. Kabla ya kupaka tabaka la pili subiri la kwanza likauke kabisa, hasa Juni na Julai, wakati wa baridi. Rangi ya mafuta haina haraka, na kusubiri huko ndiko kunakoipa ule ubapa wake. Na tafadhali, zikikauka usizifungie chini ya kitanda. Rangi nyeupe ya mafuta ikikaa gizani hugeuka njano, na shati la fundi wako litaharibika.

Jambo gumu zaidi liko hapa. Zipo "kasoro" ambazo utataka kuzirekebisha. Kwa mfano katika picha zote mbili miguu ya meza ya cherehani haifuati kanuni ya vitu vya mbali kuwa vidogo; imekaa sawasawa, kama imechorwa na mtu aliyesimama mbele ya kila mguu. Mwalimu wa chuo angekusahihisha. Mimi nasema acha, kwa sababu mchora mabango hakuwahi kuchora kwa ajili ya mtu aliyesimama sehemu moja; alichorea wapita njia. Kosa linalojirudia lenyewe picha baada ya picha, hata ukiwa makini, lichunguze kabla hujaliua. Makosa ya haraka na uvivu sahihisha bila huruma. Ile mikono ya fundi, kwa mfano, umeikimbia. Mikono ya fundi ndiyo kazi yake, jifunze kuichora.

Macho ya uso nisingeyarudisha.

Ukishakuwa na kadhaa, zitoe zote uziegemeze ukutani kwa pamoja, mwite mtu asiyejua uchoraji, muulize tu ni ipi haifanani na nyingine. Usimuulize ipi nzuri. Atakayoionyesha, kaa nayo uitafakari: ama umepotea, ama umepiga hatua, na wewe ndiye utakayejua.

Mke wako ana haki ya kuuliza. Anaona ada ya chuo na anaona rangi, na mbele yake hajawekewa hesabu. Muwekee. Mwambie siku fulani ni za picha za watalii na pesa yake ni ya nyumbani, haitaguswa. Asubuhi fulani ni za barazani, na makopo manne yatakwenda muda mrefu. Kisha tundika fundi wa shati jeupe sebuleni. Simfahamu mama huyo, lakini anayeishi na mchoraji miaka yote hiyo hana jicho la mgeni, na nadhani hata hajapewa nafasi ya kuziona.

Kwa hiyo za watalii usiache. Sioni aibu yoyote kwa mtu kuchora Wamasai ili mtoto asome. Ninachokukataza ni kuzichanganya. Ukimaliza Mmasai wa kisu, osha vyombo, siku hiyo imekwisha. Usihamie kwa fundi cherehani jioni ileile, kwa sababu kisu kitakufuata.

Sasa oda ya picha 20 bila jina. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mchoro ni kazi inayolindwa, na mwenye kuichora ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Haki hiyo haitegemei kujiandikisha popote, ingawa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanapokea usajili wa kazi na si vibaya uwatafute. Kwa hiyo huyo bwana anakuomba kitu ambacho ni chako, na unaweza kukataa. Ila tukubaliane kwamba wale Wamasai 20 wewe mwenyewe husemi ni wako. Ningeichukua oda kama kazi ya mkono, kwa bei iliyoandikwa kwenye karatasi na nusu kulipwa kabla hujaanza, jina pasiwepo. Ila kama atataka kuandika jina la mtu mwingine juu ya kazi ya mkono wako, hapo mrudishie pesa yake.

Picha za baraza andika jina mbele, kwenye kona, kwa herufi zako za mabango, na nyuma uandike tarehe na mtaa. Huyo mwenye duka usimpelekee tena. Duka lake linauza ukumbusho wa safari, na fundi wako si ukumbusho wa safari ya mtu. Subiri uwe nazo za kutosha kujaza ukuta mmoja, kisha tafuta mahali ambapo watu wa Moshi wenyewe huketi, mgahawa au ukumbi, uombe kuzitundika huko kwanza. Wao wataisoma "KA LA VITAMB" na kuanza kubishana lilikuwa duka la nani.

Ukiwa na picha za mikono ya mafundi, nitumie. Hizo nataka kuziona hata kama hazijakaa vizuri.